Mpanda Ngazi Hushuka: Stori ya Watu Wasio na Majina Walioifundisha Dunia Kuacha Vidonge vya Wasiwasi

Aprili 1978, Long Beach, California. Mama mmoja aliyetoka kutimiza miaka 60 anafikishwa kwenye hospitali ya jeshi la majini. Si mgonjwa wa kawaida. Ni Betty Ford, mke wa Gerald Ford, aliyekuwa rais wa Marekani hadi Januari ya mwaka uliotangulia. Familia yake imemkalisha chini na kumwambia ukweli bila kupepesa macho: pombe na vidonge vya kuandikiwa na daktari vinammaliza. Kati ya vidonge hivyo, Valium imo.

Anafunguliwa mlango wa chumba, anakuta vitanda vinne. Anagoma. Alitegemea chumba cha peke yake, kama inavyostahili hadhi yake. Daktari mkuu wa kitengo anamjibu bila kupandisha sauti: kama anasisitiza, basi akina mama wengine wataambiwa wahame. Betty anaishiwa nguvu. Anasema hapana, wasihamishwe kwa sababu yake. Anaingia, anachukua kitanda chake kama wenzake.

Jina la Betty Ford linajulikana dunia nzima. Mwaka 1982 alishiriki kuanzisha kituo cha tiba ya utegemezi huko California, kikapewa jina lake, na mastaa kibao wakapita pale. Lakini wale akina mama wa vitanda vingine, walioshinda naye na kuzungumza naye wakati mwili wake unadai dozi? Hakuna anayewakumbuka. Walitoka, wakarudi majumbani kwao, basi.

Stori ya dawa za wasiwasi mara nyingi husimuliwa hivyo, kupitia majina makubwa. Ila ukiifuatilia vizuri unakutana na jambo jingine kabisa. Njia ya kuziacha salama, ile ya kupunguza kidogo kidogo huku mtu akitiwa moyo, haikutoka kwa mastaa. Haikutoka hata kwenye viwanda vilivyozitengeneza. Kwa sehemu kubwa ilitoka kwa watu wa kawaida, wengi wao akina mama wa nyumbani, ambao majina yao hayapo kwenye kitabu chochote.

KIDONGE CHA MASTAA

Kabla ya Valium kulikuwa na Miltown. Iliingia sokoni Marekani mwaka 1955, ikitokana na kazi ya Frank Berger, mwanasayansi mzaliwa wa Pilsen, mji ambao leo uko Jamhuri ya Czech. Hollywood iliipokea kama mtaa unavyopokea wimbo mpya. Mchekeshaji wa televisheni Milton Berle akatania kwamba sasa inabidi abadili jina, ajiite Miltown Berle. Maduka ya dawa yakawa yanabandika matangazo kuwa mzigo umekwisha, njoo kesho.

Mwaka 1958 kampuni iliyokuwa ikiuza Miltown ilifanya kitu ambacho hata leo kingetrendi. Ilimkodi msanii Salvador Dalí atengeneze handaki la kupita watu, lenye umbo la kiwavi, kwa ajili ya mkutano mkuu wa madaktari San Francisco. Ujumbe ulikuwa rahisi: mtu anaingia na hofu, anatoka na amani. Hapo kumeza kidonge cha kutuliza akili hakukuwa siri ya mtu tena. Kulikuwa fasheni.

KEMIKALI ILIYOSAHAULIKA MEZANI

Wakati Miltown inatamba, kampuni shindani ya Hoffmann-La Roche ilikuwa inatafuta ya kwake. Kazi hiyo alikuwa nayo Leo Sternbach, mkemia Myahudi aliyezaliwa mwaka 1908 kwenye mji ambao sasa uko Kroatia. Mwaka 1941 kampuni ilimtoa Uswisi ikampeleka Nutley, New Jersey, mbali na mkono wa Wanazi.

Sternbach alihangaika na kundi moja la kemikali, majibu yakawa sifuri, akahamishiwa kazi nyingine. Mwaka 1957 msaidizi wake, akiwa anasafisha maabara, akakuta kemikali moja ya mradi ule wa zamani ambayo haikuwahi kupimwa. Wakaona isiwe tabu, ipelekwe tu ikajaribiwe kwa wanyama. Kumbe ndiyo yenyewe. Iliwatuliza bila kuwalaza usingizi.

Mwaka 1960 ikaingia sokoni kwa jina la Librium. Miaka mitatu baadaye akafuata mdogo wake, Valium, na huyo ndiye aliyevunja rekodi. Kuanzia 1969 hadi 1982 Valium ilikuwa dawa inayoandikwa na madaktari kuliko nyingine zote Marekani. Mwaka 1978 peke yake, ule ule ambao Betty Ford alikuwa akigombea chumba, vilinunuliwa vidonge kama bilioni 2.3.

Familia hii ya dawa inaitwa benzodiazepini. Ni ukoo mkubwa: Ativan imo, Xanax imo, Klonopin imo. Hata vile vidonge ambavyo mtaani Pwani ya Kenya vinaitwa bugizi vimetoka ukoo huo huo.

Tuwe wakweli, dawa hizi zina kazi yake. Zinazuia degedege, zinamtuliza mgonjwa kabla ya operesheni, zinamuokoa mtu aliyezidiwa na hofu kali. Diazepamu, yaani Valium yenyewe, ipo hadi leo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tatizo halikuwa kidonge cha siku tatu. Tatizo lilikuwa kidonge cha miaka kumi.

Na waliokimeza miaka kumi walikuwa hasa wanawake. Mama kachoka na watoto, kaandikiwa Valium. Mume kafariki, kaandikiwa Valium. Hana usingizi, hana furaha, hana wa kuongea naye, jibu ni lile lile. Mwaka 1966 bendi ya Rolling Stones ilitoa wimbo kuhusu akina mama hao, "Mother's Little Helper". Watu walicheza. Wachache walijiuliza huyo mama anayeimbwa atashukaje huko alikopandishwa.

ONYO LILILOPITA KIMYA KIMYA

Kumbe dalili ilionekana mapema sana. Mwaka 1961, Librium ikiwa na mwaka mmoja tu sokoni, daktari Leo Hollister na wenzake California walichapisha utafiti mdogo. Waliwachukua wagonjwa 11 waliokuwa wakitumia dozi kubwa ya Librium kwa miezi kadhaa, wakawabadilishia ghafla na kuwapa vidonge visivyo na dawa ndani, bila wao kujua. Kumi kati ya hao 11 wakapata dalili mpya. Wawili walipatwa na degedege, na hiyo ilikuja baada ya wiki moja hivi, wakati mtu angedhani hatari imeshapita.

Wagonjwa 11. Majina yao hayajulikani. Lakini miili yao ilikuwa imeshasema kila kitu ambacho madaktari wangekuja kukubali miaka 20 baadaye: dawa hii haikatwi ghafla.

KWA NINI MWILI UNAGOMA

Ili kuelewa, fikiria lori linaloshuka mteremko wa Kitonga. Ubongo una breki yake ya asili, kemikali iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kupunguza kasi ya mishipa ya fahamu. Benzodiazepini ni kama mtu wa pili anayekaa pembeni ya dereva na kumsaidia kukanyaga breki. Mwanzoni raha tupu, lori linatulia.

Lakini ubongo si mjinga. Ukiona kila siku kuna mguu wa ziada kwenye breki, unalegeza mguu wake. Unazoea. Ndiyo maana dozi ya mwanzo ikifika miezi kadhaa haifanyi kazi kama zamani. Sasa msaidizi huyo akiruka nje ghafla katikati ya mteremko, dereva mguu umeshakufa ganzi. Lori linakwenda mbio: moyo unadunda, jasho, mikono inatetemeka, usingizi hakuna, mwanga unachoma macho, sauti ndogo inakuwa kelele. Wengine wanapata degedege, na degedege inaweza kuua.

Mtaani wanaijua hali hii kwa jina la arosto. Watu hudhani arosto ni ya mateja wa unga tu. Kumbe hata mama wa kanisani, aliyemeza dawa kwa cheti halali na kwa saa aliyoambiwa, mwili wake unaweza kufika hapo hapo.

Kibaya zaidi, dalili zenyewe zinafanana na ugonjwa. Mtu alianza dawa kwa sababu ya wasiwasi, akiacha anapata wasiwasi mara kumi. Anarudi kwa daktari, anaambiwa umeona, ugonjwa wako bado upo, endelea na dawa. Maelfu ya watu walikwama kwenye mzunguko huo, kila mmoja akiamini ni yeye peke yake mwenye kasoro.

WALIORUKA KUTOKA JUU

Barbara Gordon alikuwa mtayarishaji wa vipindi vya televisheni New York, mwenye tuzo za Emmy kabatini. Alikuwa ametumia Valium kwa miaka. Alipotaka kuacha, aliambiwa aache mara moja, asimeze hata kimoja tena. Akafanya hivyo. Kilichofuata kilimvuruga kiasi cha kuishia hospitali za magonjwa ya akili. Mwaka 1979 alisimulia yote kwenye kitabu, "I'm Dancing as Fast as I Can", kikauzika sana, na mwaka 1982 kikawa filamu.

Mwaka huo huo wa 1979, Seneta Edward Kennedy aliitisha kikao bungeni Washington kuhusu dawa hizi. Waliokuja kutoa ushahidi hawakuwa wagonjwa tu. Walikuwemo hata madaktari ambao wenyewe walikuwa wamenasa.

Stori ya Stevie Nicks wa Fleetwood Mac ndiyo inaumiza zaidi. Mwaka 1986 aliingia kituo kile kile cha Betty Ford kwa ajili ya kokeini, akatoka salama. Baadaye akaandikiwa Klonopin, eti imsaidie asirudi nyuma. Miaka ikapita akiwa kama yupo na hayupo. Alipoamua kuiacha alilazwa hospitali siku 47, na mwenyewe amesema mara nyingi kwamba kokeini ilikuwa nafuu kuliko hiyo.

Stori hizi za mastaa zilifanya kazi moja muhimu: ziliondoa aibu. Ila zilikuwa na upungufu. Zote zilimwambia mtu kwamba kushuka ni balaa. Hazikumwambia ashuke vipi. Mama wa mtaani London au Newcastle, asiye na pesa ya kulazwa wala kitabu cha kuandika, angefanya nini?

BARUA ZILIZOMIMINIKA BBC

Jibu lilianza kupatikana mahali ambapo hakuna aliyetegemea: kwenye kipindi cha burudani.

BBC ilikuwa na kipindi cha wikiendi kiitwacho "That's Life!", kikiongozwa na Esther Rantzen. Kilikuwa mchanganyiko wa malalamiko ya wateja na vichekesho. Ndicho kipindi kilichomleta mbele ya Waingereza mbwa aliyedaiwa kutamka neno soseji. Mwaka 1983 kipindi hicho kikagusia dawa za kutuliza wasiwasi, kikauliza watazamaji wamepitia nini.

Barua zikaja kwa maelfu. Kila moja ilitoka kwa mtu aliyekuwa anadhani yuko peke yake. Mmoja yuko Scotland, mwingine yuko kusini, hawajuani, lakini wanaeleza mambo yale yale: kuogopa kutoka nje, ganzi, miaka iliyopotea, watoto waliokua mama akiwa usingizini huku macho yako wazi. Zilikuwa nyingi kiasi kwamba kipindi kilishirikiana na shirika la afya ya akili liitwalo Mind kufanya uchambuzi, na mwaka 1985 ukatoka kama kitabu.

Wakati huo huo, waliokuwa wameshaacha walianza kuwatafuta wenzao. Vikazaliwa vikundi kama Tranx, na baadaye kingine Liverpool kilichojulikana kwa kifupi kama CITA. Mtaji wao ulikuwa simu, viti kadhaa, na birika la chai. Mtu anapiga simu analia, upande wa pili anapokea mtu aliyelia hivyo hivyo mwaka uliopita. Hakumwambia jikaze. Alimwambia najua, hata mimi ilikuwa hivyo, na leo nimelala usiku mzima. Kwa mtu aliyekuwa ameambiwa miaka yote kwamba kichwa chake kibovu, sentensi hiyo ilikuwa dawa tosha.

Wahenga wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Hapo ndipo vidole vilipoanza kukutana.

DAKTARI ALIYEKUBALI KUFUNDISHWA NA WAGONJWA

Mwaka 1982, mjini Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, daktari Heather Ashton alifungua kliniki kwa ajili ya watu wanaotaka kuacha benzodiazepini. Aliiendesha miaka 12, hadi 1994. Alikuwa mtaalamu wa dawa zinazogusa akili, mtu wa maabara na vipimo. Angeweza kabisa kuketi upande wa pili wa meza na kutoa amri.

Hakufanya hivyo. Alisikiliza. Zaidi ya wagonjwa 300 walipita mikononi mwake, na aliwafuata wiki baada ya wiki, akiandika wanachosikia, kinachowashinda, kinachowasaidia. Baadaye alikiri wazi kwamba sehemu kubwa ya anachokijua alifundishwa na wagonjwa hao. Ni nadra kwa profesa kusema maneno kama hayo.

Alichojifunza kinaweza kuelezwa kwa lugha ya ngazi.

Kwanza, mtu asiruke. Ashuke hatua moja moja. Ashton alikuwa na kawaida ya kumhamisha mgonjwa taratibu kutoka vidonge vinavyokatika haraka mwilini, kama Ativan, kwenda diazepamu ambayo hukaa mwilini muda mrefu na kutoka pole pole. Kisha dozi inapunguzwa kidogo, karibu sehemu moja ya kumi ya dozi iliyopo, kila wiki moja au mbili. Kwa aliyetumia miaka mingi, safari inaweza kuchukua mwaka na zaidi.

Pili, kasi ni ya mgonjwa. Hili ndilo lililokuwa geni kabisa. Daktari anashauri, lakini anayeshika usukani ni mwenye mwili. Mambo yakichachamaa, labda amefiwa au kazi imeyumba, anaruhusiwa kusimama kwenye ngazi aliyofika hadi apate nguvu. Kusimama si kushindwa. Alichosisitiza ni kujitahidi usipande tena juu.

Tatu, ratiba iandikwe na ionekane. Mtu aweke tiki kila hatua anayomaliza. Ni kitu kidogo, lakini mtu aliyekuwa hajiamini hata kwenda dukani anapoona tiki ishirini ukutani, zote zake, kuna kitu kinabadilika ndani.

Nne, asiwe peke yake. Mume, dada, rafiki, mtu wa kikundi, yeyote mwenye subira atakayeelewa kwamba siku mbaya si mwisho wa safari.

YALE MADIRISHA

Kati ya mambo ambayo wagonjwa waliyaeleza, moja lilisambaa sana hadi likawa lugha ya watu hawa dunia nzima. Walisema nafuu haiji kama mstari ulionyooka. Inakuja kama mawimbi. Wiki nzima giza, halafu ghafla, asubuhi moja, mtu anaamka na kusikia harufu ya mkate, anacheka kitu cha kijinga, anajikuta ni yeye yule wa zamani. Inaweza kuwa saa mbili tu, kisha wimbi linarudi.

Vipindi hivyo vya nafuu wanaviita madirisha. Na ushauri wa waliotangulia kwa wanaoanza ni huu: dirisha likishafunguka hata mara moja, huo ni ushahidi. Ubongo unaotoa saa mbili za utulivu bila kidonge unaweza kutoa siku mbili. Usilipime wimbi, hesabu madirisha.

Hakuna kampuni iliyobuni neno hilo. Lilipita mdomo kwa mdomo, kutoka kwa mtu aliyevuka kwenda kwa mtu aliye katikati ya maji.

Mwaka 1999 Ashton aliyaandika yote kwenye mwongozo ambao watu wameuzoea kwa jina la Ashton Manual. Uliwekwa kwenye intaneti bure, yeyote ausome. Ukatafsiriwa lugha nyingi, ukachapwa, ukawekwa ndani ya mikoba na kupelekwa kwa madaktari waliokuwa hawajawahi kusikia habari hizo. Ashton alifariki Septemba 2019. Siku yake ya kuzaliwa, Julai 11, sasa huadhimishwa na watu wa nchi mbalimbali kama siku ya kuelimishana kuhusu dawa hizi.

DUNIA ILIVYOCHELEWA KUSIKIA

Taratibu wakubwa nao wakaanza kufuata. Mwaka 1988 kamati ya usalama wa dawa Uingereza iliwashauri madaktari kwamba benzodiazepini kwa wasiwasi zitumike muda mfupi tu, wiki mbili hadi nne. Ni miaka 27 tangu ule utafiti wa wagonjwa 11.

Watu wapatao 14,000 nchini humo waliamua kuyapeleka makampuni mahakamani. Ilikuwa moja ya kesi kubwa kuliko zote za aina yake. Lakini katika miaka ya 1990 msaada wa serikali wa kulipia mawakili ukaondolewa, kesi ikafa kabla ya hukumu. Hao 14,000 walirudi nyumbani bila fidia na bila jaji kuwaambia kama walikuwa sahihi au la.

Septemba 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru benzodiazepini zote ziwekewe onyo zito kuhusu utegemezi na hatari ya kuacha ghafla. Na mwaka 2025 chama cha wataalamu wa tiba ya uraibu cha Marekani, pamoja na vyama vingine vya kitaaluma, kikatoa mwongozo: kupunguza kuanze na asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila wiki mbili hadi nne, kasi ipangwe pamoja na mgonjwa, na asiachishwe ghafla aliyezoea dawa.

Isome tena hiyo sentensi. Kidogo kidogo, kwa kasi ya mgonjwa, bila kukata ghafla. Ni yale yale yaliyokuwa yakisemwa kwenye simu na birika la chai miaka ya 1980, na watu walioambiwa wanajidekeza.

KWA ANAYESHUKA LEO

Dar, Nairobi, Mombasa, wapo vijana wanaoishi na kidonge kwenye droo bila mtu kujua. Wengine waliandikiwa baada ya ajali, wengine baada ya msiba, wengine baada ya kazi kuwanyima usingizi. Wanaogopa kusema nyumbani kwa sababu wanajua majibu: una majini, una pesa ya kuchezea, ungekuwa unasali usingepata hayo. Kwa hiyo wanameza kimya kimya, na siku wakichoka wanaamua kuacha kimya kimya, fasta, ndani ya wiki moja. Hapo ndipo hatari ilipo.

Historia hii inamwambia mtu kama huyo mambo machache. Asikate ghafla, amwone daktari wapange pamoja, maana degedege si kitu cha kujaribia peke yako chumbani. Asione aibu akichukua miezi. Asijilinganishe na mwingine, maana kila mwili una ngazi zake. Na kama daktari ataona dawa bado inahitajika, kwa kifafa labda au kwa sababu nyingine, kubaki nayo si dhambi pia.

Na ndugu wa anayeshuka naye ana somo lake. Mtu huyu hahitaji kuambiwa jikaze. Anahitaji mtu wa kukaa naye usiku akitetemeka, wa kumkumbusha kuwa juzi alicheka, wa kushangilia robo ya kidonge iliyopungua kana kwamba timu imefunga goli. Kwa nje robo ya kidonge ni vumbi tu. Kwa anayeiacha ni mlima.

Betty Ford alipoingia kile chumba cha vitanda vinne alidhani amevuliwa heshima. Miaka minne baadaye alishiriki kujenga kituo ambacho wagonjwa wanasindikizana, hakuna anayepona peke yake. Inaonekana wale akina mama wasio na majina walikuwa wamemfundisha kitu.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Hawakusema ashuke kwa kuruka, wala hawakusema ashuke bila mtu wa kumshikia ngazi.